Mkwe Hatazamwi

Mapenzi ya Zakia na Naseeb hayakuwa na adui duniani mpaka siku chama kilipotangaza uchaguzi wa mwenyekiti wa kata.

Na msinidanganye kwamba siasa ni mambo ya Dodoma. Siasa ikiamua kuingia nyumbani kwako haibishi hodi. Inaingia hadi jikoni, inakaa kwenye kigoda chako, na chai inakuomba.

Dini yao ilikuwa moja. Mzee Hashimu, baba yake Zakia, fundi cherehani na muuza vitenge wa Bulyaga, hapa kwetu Tukuyu, alikuwa mjukuu wa mtu aliyepanda milima hii kutoka Kilwa na mzigo wa nguo kichwani. Mzee Ambilikile, baba yake Naseeb, alikuwa Mnyakyusa wa kuzaliwa, mwenye migomba yake na ng'ombe wake wa maziwa, naye hakuwa mtu wa kukosa swala ya Ijumaa. Miaka nenda rudi wazee hawa wawili walisimama safu moja msikitini, bega kwa bega. Vijana wao walipopendana, mtaa mzima ulisema hapo sasa Mungu kapanga. Kilichobaki kilikuwa posa tu.

Kisha mwenyekiti wa zamani akang'atuka. Uchaguzi mkuu ulikuwa unakuja, na mwenyekiti mpya wa kata ndiye angeongoza kampeni nyumba kwa nyumba, mtu wa kupigiwa simu na wakubwa. Wazee wetu wawili wakachukua fomu siku moja, kila mmoja akiamini mwenzake akisikia atamwachia.

"Hakuniheshimu," alisema Mzee Hashimu.

"Hakuniheshimu," alisema Mzee Ambilikile.

Ijumaa iliyofuata mmoja alisali safu ya mbele, mwingine akasali karibu na mlango.

Walipiga kura ya kwanza kwa karatasi, wakalingana. Ikabaki karatasi moja ambayo mpiga kura wake, Mungu amsamehe, alichora alama ndefu ikapita kwa wagombea wote wawili. Wa huku wakasema ni yetu, wa kule wakasema ni yetu, viti vikaanza kuruka. Wilaya ikamleta msimamizi mpya, mama mmoja anaitwa Sia, mtu wa Moshi, aliyehamishiwa Rungwe mwaka ule na bado alikuwa anashangaa baridi yetu. Mama Sia akawaita wagombea akawaambia karatasi basi. Jumamosi kila mwanachama aje uwanjani, asimame nyuma ya anayemtaka, tuhesabu vichwa mchana kweupe. Wote wawili wakakubali.

Usiku mmoja wa wiki ile Mzee Hashimu aliweka mkasi chini, akamtazama binti yake.

"Zakia, nisikilize vizuri mwanangu. Yule mzee akinishinda, sahau habari za mwanawe. Huwezi kwenda kufua nguo nyumbani kwa mtu aliyenivua nguo mbele ya kata nzima."

Na upande wa pili wa mtaa, Mzee Ambilikile alimwambia Naseeb maneno hayo hayo kwa lugha yake: mshona suruali akichukua kile kiti, jina la nyumba ile lisitajwe tena uani kwangu.

Mnaona hesabu yenyewe? Akishinda huyu, yule anakataa. Akishinda yule, huyu anakataa. Wazee walikuwa wanagombea kiti, lakini kilichokuwa kinapigiwa kura ni ndoa ya watoto wao, na kwa matokeo yoyote ndoa ilikuwa inashindwa.

Asubuhi ya Jumamosi Naseeb alifika nyuma ya duka la vitenge na pikipiki yake, madumu ya maziwa yamefungwa pande zote mbili. Mvua nyembamba ya Tukuyu ilikuwa imemlowesha, shati limemganda kifuani. Zakia alimtazama, akaangalia pembeni haraka. Kuna wanaume hawatakiwi kulowa.

"Umekonda," Naseeb alisema.

"Na wewe umelowa. Sogea huku kwenye bati, ukiugua kifua watasema nimekuloga."

Alisogea. Wakasimama karibu, karibu kuliko inavyoruhusiwa, wasigusane.

"Zakia, tuondoke. Leo hii. Wote wako uwanjani, hakuna atakayetuona. Tukifika Mbeya kuna shehe namfahamu, anatufungisha ndoa jioni."

"Na walii wangu atakuwa nani? Pikipiki?"

"Mimi sitanii."

"Hata mimi sitanii. Baba yangu yupo hai, Naseeb. Niozeshwe na watu wa stendi wakati baba yangu yupo hai?"

Naseeb alivuta pumzi ndefu. Alikuwa kijana mpole, wa kusema polepole, na akikasirika sauti yake ndiyo kwanza hushuka. Sasa ilishuka mpaka Zakia akalazimika kuinamisha kichwa amsikie.

"Basi nitafanya hivi. Nitasimama nyuma ya baba yako. Kila mtu aone. Baba yako aone nimechagua nani."

"Thubutu!"

"Kwa nini? Si unanipenda?"

"Kwa sababu nakupenda!" Zakia alisema, na macho yakamjaa. "Leo umgeuzie baba yako mgongo mbele ya watu kwa ajili yangu, kesho utanigeuzia mimi kwa ajili ya nani? Sitaki mwanaume wa hivyo. Nenda kasimame kwa baba yako."

"Na wewe?"

"Na mimi kwa baba yangu."

"Yaani mimi kule, wewe huku, tutazamane kama Simba na Yanga."

"Ndiyo."

"Halafu?"

"Halafu sijui, Naseeb! Ningekuwa najua ningekuwa nimelala usiku."

Mvua ilipiga bati. Naseeb alinyoosha mkono akamfuta chozi kwa kidole kimoja, kidole chenye harufu ya maziwa, na Zakia akafumba macho. Wallahi angeambiwa achague dunia ikome saa ngapi, angesema saa ile.

"Basi usiende kabisa," Naseeb alinong'ona. "Baki dukani. Baba yako atashinda au atashindwa, lakini haitakuwa kwa mguu wako. Hata nikikukosa, nisikukose kwa mguu wako."

Zakia aliitikia kwa kichwa. Pikipiki ikawaka, ikashuka mtaa, na sauti yake ikapotea kwenye ukungu.

Akabaki dukani peke yake. Alikunja vitenge vilivyokuwa vimekunjwa. Alifagia palipofagiwa. Kutoka uwanjani, nyuma ya ofisi ya kata, kelele za watu zilikuwa zinakuja na kuondoka na upepo, mara nyimbo, mara kuzomeana. Halafu ghafla zikakatika. Kimya kile kilimtisha kuliko kelele. Simu ikaita.

"Zakia." Ilikuwa sauti ya baba yake, lakini hakuwahi kumsikia hivyo. "Uko wapi, mama?"

"Dukani, baba."

"Tumesimama tumehesabiwa mara mbili. Tumelingana tena. Aliyebaki kwenye daftari hajafika ni wewe tu. Njoo, mwanangu. Watu wanakungoja wewe."

Wapo watu wanaoota kusubiriwa na umati. Zakia alitamani ardhi ya Bulyaga ifunguke immeze. Lakini baba ni baba. Alijifunga kitenge begani, akafunga mlango, akaenda.

Alipokata kona ya ofisi ya kata, alisimama mwenyewe bila kuambiwa. Hakuwahi kuona kitu kama kile. Kata nzima ilikuwa imesimama kwenye majani mabichi kwa mistari miwili mirefu, wazee kwa vijana, wanawake wenye watoto mgongoni, watu aliowauzia vitenge vya harusi na vya msiba. Hakuna aliyekuwa anazungumza. Hata watoto walinyamaza. Na wakati ule ule wingu lililokuwa limeulalia Mlima Rungwe tangu asubuhi likaanza kupanda, mlima ukatokea wote, mkubwa, wa kijani kibichi, umeinamia uwanja ule. Nywele za watu wote wale zilikuwa na matone ya mvua, na macho yote yalikuwa kwake.

Mbele ya mstari mmoja alikuwa baba yake na kofia yake ya kufumwa. Mbele ya mwingine Mzee Ambilikile, mrefu, koti zito, buti za shambani. Na mwisho kabisa wa mstari wa Mzee Ambilikile, Naseeb. Walitazamana. Naseeb alitikisa kichwa kidogo sana, kama anayesema, pole mpenzi, nilijitahidi.

Mama Sia alimjia na daftari lake, amevaa jaketi mbili.

"Ndugu mwanachama, karibu. Wewe ndiye wa mwisho. Wagombea wameomba kila mmoja akuambie neno kabla hujasimama, na nimewaruhusu. Una pingamizi?"

Pingamizi alikuwa nalo, tena kubwa, ila halikuwa la kuandikwa kwenye daftari. Alitikisa kichwa.

"Mzee Hashimu, anza."

Mzee Hashimu alifungua mdomo, akaufunga. "Sina neno," alisema hatimaye. "Mimi ni baba yake. Ananijua."

"Mzee Ambilikile."

"Mimi neno ninalo!" alisema Mzee Ambilikile, na watu wa mstari wake wakacheka kwa faraja, maana walimjua. Mzee yule hakuwa msemaji wa jukwaani. Silaha yake ilikuwa mkono. Alikuwa ametembea kata nzima kwa miguu, kwenye matope na mvua, akimshika kila mtu mkono kwa mikono yake miwili mikubwa na kusema maneno yale yale, kwa ulimi wake wa Kinyakyusa usioijua herufi ya kukwaruza, ile "r": naomba kula yako. Watu walicheka, mzee anaomba kula, apewe ndizi! Wakacheka, na kura wakampa.

Sasa alianza kuja. Alivuka ule uwazi kati ya mistari, polepole, anatabasamu, mikono yote miwili imenyooshwa mbele.

"Binti Hashimu," alisema. "Mimi mzee wako nimekuja mwenyewe. Naomba kula yako."

Zakia aliitazama ile mikono inakuja. Ungemuuliza baadaye alifikiri nini, angekuambia hakufikiri. Alijua kitu kimoja tu: akiushika mkono ule, yeye ni mpiga kura. Basi. Mpiga kura anayeombwa kura, na baada ya hapo kila mtu aende kwake. Moyo wake ukasema hapana. Mimi si mpiga kura wa mzee huyu. Mimi kwake ni kitu kingine.

Alivuta kitenge kutoka begani, akajifunika kichwa chote mpaka machoni. Akatoka njiani, akaingia kwenye majani marefu ya pembeni, akamgeuzia mzee mgongo, akachuchumaa chini. Akanyamaza kimya.

Mzee Ambilikile alisimama ghafla.

Ngoja niwaambie msiotoka huku, msije mkadhani binti alimtukana mzee wa watu. Wanyakyusa wa zamani wana jambo wanaliita ukutila. Mwanamke akiolewa, au hata akichumbiwa tu, hamtazami baba mkwe wake usoni. Hamsalimii, hamtaji jina. Akikutana naye njiani, anajifunika, anaingia kwenye migomba, anainama mpaka mzee apite. Na mzee naye anageuza uso, anapita mbali. Si chuki hata kidogo. Ni heshima iliyokomaa mpaka ikawa woga. Siku hizi wakwe wa mjini wanawapa baba wakwe zao mikono na kupiga nao picha, na bibi zetu wanalalamika kwamba dunia imeisha. Sasa leo, mbele ya kata nzima, binti wa muuza vitenge, damu ya Kilwa, ambaye hata posa hajaletewa, amemtila Mzee Ambilikile.

Kimya kilivunjwa na sauti moja ya mwanamke.

"Kyala wangu, Mungu wangu! Amemtila! Jamani amemtila kaka yangu!"

Alikuwa Tupokigwe, dada yake Mzee Ambilikile, mama mnene wa maneno mengi ambaye hakuna shughuli iliyofanyika Bulyaga bila yeye. Ametoka mstarini, mikono kichwani.

Mama Sia alikuwa amechanganyikiwa. "Amefanya nini? Huyu binti anaumwa? Mleteeni maji jamani."

"Haumwi, mama. Amejitangaza mkwe. Amesema kwa mwili wake, huyu mzee ni baba wa mume wangu."

"Haya, hongera yake. Basi ainuke asimame kwenye mstari wa huyo mkwe wake, tumalize, baridi inaniua."

Tupokigwe alicheka, halafu kicheko kikamkatikia njiani. Zakia, chini ya kitenge chake, alisikia kinavyokatika, na yeye mwenyewe ndipo akaelewa alichokifanya.

"Mama," Tupokigwe alisema taratibu, "mkwe hawezi kusimama mgongoni kwa mkwe wake. Haipo hiyo. Kaka akimkubali huyu binti, hawezi kukanyaga mstari wake leo wala kesho. Kura hiyo imekwenda kwa Hashimu."

"Na asipomkubali?"

"Atamshika mkono amwinue. Atamwambia, inuka, mimi si mkwe wako. Hapo anakuwa mtu wa kawaida, anaweza kuombwa kura, na anaweza kumpa."

"Kwa hiyo mzee hapa anachagua..."

"Anachagua kiti au mkamwana."

Uwanja ulilipuka.

"Mwinue, mzee!" wa mstari wa Ambilikile walipiga kelele. "Mshike mkono! Mila za nini leo?"

"Mzee, tumesimama kwenye mvua kwa ajili yako!"

"Kiti hicho, Ambilikile! Usiwe mjinga!"

Zakia hakuweza kugeuka. Kwenye upenyo wa kitenge, kwa pembe ya jicho, alikuwa anaona buti mbili tu kwenye majani, nyeusi, zenye matope, moja imezibwa kiraka mbele. Alizikodolea macho. Maisha yake yote yalikuwa kwenye buti zile. Buti zilikuwa zimesimama. Kisha moja ikaja mbele. Kisha ya pili. Akasikia pumzi za mzee juu yake, nzito, pumzi za mtu aliyepanda kilima. Aliona kivuli cha mkono kinashuka kwenye majani karibu na bega lake.

"Baba." Ilikuwa sauti ya Naseeb, ya chini sana, kutoka mbali. Ile sauti ya hasira yake.

"Nyamaza," Mzee Ambilikile alisema.

Mkono ulikuwa bado pale. Zakia aliuma kitenge asilie kwa sauti. Alikuwa ameanza kumwomba Mungu msamaha kwa kumweka mzee wa watu kwenye mtihani ule. Nani anamwomba mtu kitu kama hicho hadharani? Mzee huyu alikuwa amekitaka kiti hiki kwa miguu yake yote miwili.

Kivuli cha mkono kikarudi juu.

Visigino vikaonekana. Buti zilikuwa zimegeuka. Zilikaa hivyo kidogo, kisha zikaanza kuondoka, na hazikurudi kwa njia ya katikati ambayo ilikuwa fupi. Zilizunguka mbali, kando kando ya uzio wa michongoma, kule ambako mtu hupita ili asimkaribie mkwe. Na uso wake, Tupokigwe alisimulia miezi na miezi, uso wake alikuwa ameuelekeza mlimani na machozi yanamtiririka, hajali nani anamwona.

Hakuna aliyeshangilia mara moja. Kwa muda watu walikuwa wamesahau kwamba ni uchaguzi. Wanaume wazima walivua kofia. Halafu bibi mmoja mzee kabisa, hata haikujulikana yuko mstari gani, akapiga kigelegele chembamba chenye kutetemeka, na wanawake wa mistari yote miwili wakakipokea mpaka uwanja ukatetemeka.

Zakia aliinuka. Alitembea, kitenge usoni, akaenda kusimama nyuma ya baba yake mwisho wa mstari, na Mama Sia akamhesabu. Sauti ya mama yule wa Moshi ilikuwa imebadilika alipotangaza. Mzee Hashimu, kwa kura moja, ndiye mwenyekiti wa kata.

Vijana wa Hashimu walimkimbilia wambebe. Aliwasukuma.

"Niacheni. Niacheni kwanza!" Alipita katikati yao mpaka kwa binti yake, akamvuta pembeni. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayeumwa. "Zakia. Ulijua atafanya vile?"

"Sikujua, baba. Naapa sikujua."

"Ingekuwa mimi..." Aliitoa kofia kichwani, akaiminya mkononi. "Ingekuwa mimi ningekushika mkono. Wallahi ningekuinua nichukue kura yangu. Nimesimama pale namtazama, najisemea moyoni, Hashimu, wewe ungemwinua."

Zakia alimshika baba yake mkono akauweka shavuni kwake.

"Mzee Ambilikile!" Mama Sia aliita. "Utaratibu wa chama, mzee. Njoo umpe mshindi mkono."

Mzee Ambilikile alikuwa amesimama kule mwisho wa uzio, bado amewapa mgongo.

"Siwezi, mama," alijibu. "Hapo pana mtu wangu."

Mtu wangu! Watu walicheka huku wanalia, na Zakia akajifunika upya, akageukia ukuta wa ofisi ya kata, mabega yanamtikisika. Alisikia baba yake anakohoa. Kisha akasikia viatu vyake, vile viatu vya kupokea wageni, vinaondoka kwenye majani, chwa, chwa, kuelekea uzioni. Mwenyekiti mpya wa kata ndiye alikuwa anamfuata aliyeshindwa.

Zakia alitamani kuona kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Lakini kule kulikuwa na mkwe wake, na mkwe hatazamwi.

Mtu alisimama kando yake. Hakuhitaji kugeuka. Harufu ya maziwa ilitosha.

"Naseeb," alinong'ona kutoka ndani ya kitenge. "Wanafanya nini?"

"Baba yako amefika. Amesimama nyuma yake."

"Anasema kitu?"

"Hasemi. Amemgusa bega." Naseeb alinyoosha shingo aone vizuri. "Baba amegeuka. Baba yako ameinama, amemshika mkono kwa mikono yote miwili. Anamwambia kitu kirefu."

"Kitu gani?"

"Nitasikiaje huku? Ngoja. Shangazi Tupokigwe amesogea kusikiliza, unamjua yule." Naseeb alicheka kwa mbali. "Anapiga makofi. Anaonyesha vidole, kesho, anasema kesho. Atakuja yeye mwenyewe kuleta posa."

Zakia aliegemeza paji la uso kwenye ukuta wa baridi. Kesho. Asubuhi tu alikuwa anafagia palipofagiwa.

"Na wao? Wazee?"

"Wanalia."

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Mama Sia naye anajifuta na daftari."

Zakia alicheka, akalia, hakujua kipi kilitangulia. Alishusha kitenge kidogo, mpaka chini ya macho, uso bado ukutani.

"Na sasa? Naseeb, wanafanya nini sasa?"

Pumzi ya Naseeb ikasogea shavuni kwake.

"Naseeb?"

"Sijui," alisema, karibu kabisa na sikio lake. "Mimi sitazami tena huko."